Kiatu Kisichofika

Inspekta Herieth Nambunga alipiga magoti kwenye sakafu ya stoo ya vielelezo, akakinasisha kiatu cha marehemu kwenye pedali ya kushoto, akaizungusha pedali mpaka ikakaa mbele kabisa. Kisha akaukata usukani kulia, polepole, kama mtu anayegeuza kurudi alikotoka. Gurudumu la mbele lilizunguka, ukingo wake wa nyuma ukakisogelea kiatu, ukakipita. Haukugusa. Kati ya ncha ya kiatu na tairi palibaki nafasi ya kupitisha vidole viwili.

Akarudia. Vidole viwili vilevile.

Lakini kiatu chenyewe kilikuwa kinasema vingine. Vilikuwa viatu vya mashindano, vyeupe, vipya, vyenye kibati chini cha kunasa kwenye pedali ili mguu usichomoke. Kwenye ncha ya kile cha kushoto palikuwa na alama nyeusi iliyopinda kama ukucha, mpira uliosuguliwa juu ya weupe. Cha kulia kilikuwa safi.

Mwenye viatu aliitwa Wafa, binti wa Mzee Muhdhar, muuza vitambaa wa Kinondoni. Jumamosi asubuhi alikuwa na wenzake wa klabu kule Wazo, kwenye barabara ya malori ya saruji, wakifanya mazoezi ya mizunguko: wanakwenda mbele, wanageuza kwenye uwazi ulio katikati ya barabara, wanarudi. Wafa aliingia kwenye uwazi ule kugeuza, lori likiwa linapita upande wa pili. Akaanguka chini ya magurudumu ya nyuma ya tela.

Kocha wao, Muhannad, aliandikisha maelezo kwamba lori lilimfuata msichana likamgonga kwa nyuma. Hakuwa kocha tu. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Mzee Muhdhar, kalelewa nyumba moja na Wafa, wamekula sahani moja. Siku ya maziko ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza. Nani angelitilia shaka neno lake? Watu wa pale barabarani walishampiga dereva kabla ya kumuuliza jina, trafiki akaandika alivyoambiwa, na dereva, Anselmo Chitanda, akapelekwa mahakamani, kisha rumande.

Herieth alikwenda kumwona huko juzi. Mtu mnene, mpole, sikio moja limevimba kama andazi.

"Sikumgonga, afande," alimwambia. "Kichwa cha lori kilishampita. Nilimwona kwenye kioo cha kulia. Alikuwa ananisubiri nipite, anageuza taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Mara usukani ukagota. Kama umeshikwa. Akaja upande wangu mzimamzima, mguu umeganda kwenye pedali."

"Umegota kwenye nini?"

"Sijui. Hapakuwa na jiwe. Hapakuwa na kitu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomleta stoo. Alishaikagua baiskeli nyuma, hakuona pahala palipogongwa. Akaiona alama kwenye kiatu. Akafikiri ameshapata: mguu uko mbele, gurudumu limekatwa sana, ncha ya kiatu inakutana na tairi, usukani unakwama, mtu analala chini. Mwendo ukiwa mkali jambo hilo halitokei, maana hakuna anayekata usukani hivyo akiwa mbioni. Hutokea kwenye kugeuza taratibu tu, kama alivyogeuza Wafa.

Ila kiatu hakikufika.

"Koplo," aliita.

Koplo Nassibu, mtunza stoo, alichungulia mlangoni.

"Hii baiskeli ililetwa na nani?"

"Kocha wao, afande. Jumapili jioni. Siku ya ajali kila mtu alishughulika na mwili na lori. Yeye akasema aliiokota asije mtu akaiba."

Usiku mmoja, basi, na mchana mzima wa Jumapili. Herieth akatoa simu, akafungua picha ambazo trafiki alipiga pale pale barabarani. Picha ya tatu ilionyesha baiskeli imelala ubavu. Aliikuza kwa vidole. Fremu ya bluu, iliyochubuka hapa na pale. Na uma wa mbele, ile miguu miwili inayolishika gurudumu, nao wa bluu, una doa la kahawia begani, rangi imebabuka kama iliyopitishwa motoni.

Akaitazama baiskeli iliyokuwa mbele yake. Fremu ya bluu, ina vumbi la saruji kwenye kila kona. Uma mweusi, unang'aa. Hauna hata chembe ya vumbi.

"Njoo uone, Koplo. Yaambie macho yako yaangalie vizuri, maana utaulizwa mahakamani."

Hakumwambia Muhannad alichokiona. Alimpigia simu, akamuuliza jambo moja tu: nani mwingine aliwahi kuishika baiskeli ya Wafa?

"Muulize Badriya, mwenzao wa klabu," alisema Muhannad. "Ilikuwa yake kwanza. Nilipompa Wafa, walinuniana mpaka wakawa hawasalimiani. Mie sitaki kumsema mtoto wa watu, Inspekta. Lakini ajali ile ilitokea siku Badriya ndiye aliyetia upepo magurudumu ya wote."

*

Badriya alikuwa dukani kwa mama yake, sokoni Tandale, katikati ya magunia ya maharage, anapima mchele kwa mteja. Msichana mrefu, mikono imekakamaa, kovu jipya kwenye kidevu. Alimwona Herieth akiwa bado mlangoni.

"Shikamoo, afande. Najua umetumwa na nani."

"Marahaba. Sikutumwa na mtu. Ulinuniana na Wafa?"

"Ndiyo."

"Kisa baiskeli?"

"Kisa baiskeli. Halafu yeye akanifuata hapa hapa, akakaa juu ya gunia hilo, akanibembeleza mpaka nikacheka. Hilo kocha hakukwambia?" Alimfungia mteja mchele wake, akampa, akasubiri aondoke. "Kama umekuja kuniuliza kama nilimuua rafiki yangu, uliza, nikujibu, uende."

"Ulitia upepo magurudumu siku ile?"

"Nilitia. Ya wote. Yangu pia."

"Uma ulikuwa rangi gani?"

Badriya alimkazia macho. Ukali wote ulimtoka usoni, kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa kumbe uko wazi.

"Bluu," alisema. "Kwani sasa ni rangi gani?"

Herieth alivuta kigoda, akaketi. Badriya naye akaketi juu ya gunia, akaeleza. Kabla ya mfungo alikuwa anaiendesha yeye baiskeli ile. Akagonga nyuma ya bajaji iliyofunga breki ghafla. Kidevu kikapasuka, na uma wa mbele ukarudi nyuma, gurudumu likawa karibu kuingia miguuni. Muhannad alimpa baiskeli nyingine. Ile akaipeleka Keko kwa fundi wa kuchomelea, yule aliyemtengenezea rafu za duka lake la baiskeli, ikanyooshwa, ikarudi, akapewa Wafa.

"Ikawa sawa?"

"Ukiitazama kwa mbali, sawa. Wafa alipanda wiki ya kwanza tu akaanza kulalamika. Akamwambia mbele yetu sote: kaka, nikigeuza, kiatu kinagusa tairi. Kuna siku alianguka kwenye geti la kwao, watu wakamcheka. Akamwambia tena."

"Kocha akasemaje?"

Badriya aligeuza uso, akatazama huko wapagazi wanakopita na mizigo.

"Akamwambia akate kucha."

Sokoni kelele ziliendelea, watu wakaitana, mikokoteni ikapita.

"Tulicheka," Badriya alisema. "Sie wote tulicheka, afande. Na Wafa mwenyewe."

"Kwa nini hukuyasema haya?"

"Kwa nani? Msibani alitukusanya nyuma ya nyumba. Akasema mkianza habari za baiskeli, klabu inafungwa, ami anakufa kwa presha, na dereva muuaji anatoka anacheka. Tukanyamaza." Alisimama, akachukua kata ya kupimia, akairudisha guniani bila kupima kitu. "Mie nilinyamaza. Andika hivyo hivyo, usinipambe."

*

Fundi wa Keko aliitwa Gaudens. Kijiwe chake kilibanana kati ya mafundi seremala wawili, hivi kwamba ili kumfikia ilibidi Herieth apite kati ya makochi yasiyo na vitambaa na vitanda vilivyosimamishwa wima barabarani. Alimkuta anachomelea miguu ya meza. Alipoonyeshwa picha kwenye simu, alivua miwani myeusi, akaitazama mara moja tu.

"Huo mkono wangu, afande. Hilo doa ni moto wangu."

"Ulifanya nini?"

"Uliletwa umerudi nyuma. Nikaupasha moto, nikaingiza bomba, nikauvuta. Kama ninavyonyoosha mguu wa kiti."

"Umewahi kunyoosha uma wa baiskeli ya mashindano?"

"Wala. Nilimwambia. Mie natengeneza viti na mageti." Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Tena nilimwambia haujarudi wote, bado uko nyuma, nikiuvuta zaidi utakatika. Akapima kwa jicho. Akasema inatosha, ni ya mazoezi tu."

"Nani?"

"Muhannad. Wa duka la baiskeli Kinondoni."

"Umemwona tena hivi karibuni?"

Gaudens alisita. Akawatazama maseremala, nao wakajifanya wanapiga randa kwa bidii.

"Alikuja Jumapili," alisema. "Na uma huo huo. Akasema nimkatie vipande vipande, autupe. Umeme haukuwepo. Nikamwambia uache, ukirudi nitakata. Kazi zikawa nyingi..." Alielekeza kidevu kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya mlango. "Sikujua habari za msiba, afande. Nakuapia. Ningejua nisingeugusa."

Ulikuwa chini ya mabati na vipande vya nondo. Wa bluu, una doa la kahawia begani. Herieth alivaa glavu, akautoa mwenyewe, akaulaza juu ya meza isiyo na miguu. Hata kwa macho matupu ulionekana: miguu ile, badala ya kujitokeza mbele, ilikuwa imesimama wima, imechoka, imerudi nyuma kuelekea mahali ambapo mguu wa mtu hukaa.

*

Duka la Muhannad lilikuwa safi kuliko maduka yote ya mtaa ule. Baiskeli zilipangwa kwa rangi, helmeti zimetundikwa, na juu ya kaunta picha ya Wafa amebeba kombe, imezungushiwa utepe mweusi. Muhannad mwenyewe alikuwa kijana nadhifu, ndevu zimechongwa vizuri, macho mekundu ya kukosa usingizi.

Koplo Nassibu aliingia na baiskeli ya kielelezo, akaiegemeza katikati ya duka. Herieth akauweka uma wa bluu juu ya kaunta, chini ya picha.

Muhannad aliutazama. Akavuta kiti, hakukikalia.

"Una spana?" Herieth alimuuliza.

"Inspekta..."

"Fungua huo mweusi. Funga huu. Wewe mwenyewe, kama ulivyofanya Jumapili. Koplo, washa kamera ya simu."

"Naweza kukataa."

"Unaweza. Nitamtafuta fundi mwingine, na nitaandika kwamba ulikataa."

Muhannad alichukua spana. Mikono yake ilijua kazi hata kichwa chake kilipokuwa hakitaki. Gurudumu likatoka, breki ikalegezwa, uma mweusi ukatoka, wa bluu ukaingia. Jasho lilimdondoka kwenye fremu. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyepakua kitu kizito.

Herieth akakinasisha kiatu cheupe kwenye pedali ya kushoto. Akaileta pedali mbele. Akaukata usukani kulia.

Kiatu kikagota kwenye tairi. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, *tap*, ya mpira na plastiki. Usukani ukakwama. Alipokazana kuusukuma, tairi lilikikwaruza kiatu pale pale penye alama nyeusi, likapita juu yake kama ufunguo kwenye kufuli lake.

"Huu mweusi ulitoka wapi?" Herieth aliuliza.

"Hapa dukani."

"Ulinunuliwa baada ya ajali?"

Muhannad aliutupia jicho ukuta.

"Niliuona msumari mtupu pale ukutani nilipoingia. Kati ya uma zile nyingine. Ulikuwa umetundikwa hapo siku zote, si ndiyo? Alipokuja kukulalamikia, ulikuwa umetundikwa hapo. Spana unayo. Kazi yenyewe umeimaliza sasa hivi nimesimama."

"Ulikuwa wa kuuza," Muhannad alisema kwa sauti ya chini. Halafu, kama aliyesikia mwenyewe alivyosema, akainua uso na hasira ikamjia. "Baiskeli nyingi za mashindano ndivyo zilivyo, Inspekta! Kiatu kinagusa. Dunia nzima watu wanaendesha hivyo, wanazoea, wanajua kugeuza mguu ukiwa nyuma. Yeye alikuwa hajazoea. Na viatu je? Umevipima? Vile vipya ni vikubwa kwake, namba moja zaidi. Baba yake ndiye aliyemnunulia. Kwa viatu vyake vya zamani angepita salama. Ukienda kwa ami, usimwambie nusu. Mwambie yote."

"Umeshamwambia wewe?"

"Jana. Uliponipigia. Nilijua mtafika huko, nikaona bora asikie kwangu."

"Ulimwambia mzee kwamba viatu alivyomnunulia binti yake ndivyo vilivyomuua."

"Nilimwambia vilichangia." Akajilamba midomo. "Na wewe acha kujifanya mwadilifu. Nimeuliza. Dereva ni mtu wa Masasi, wewe wa Ndanda, kwenu kumoja. Nani hajui mnavyobebana?"

Koplo Nassibu alishusha simu. Herieth akavua glavu, moja moja, akazikunja.

"Koplo, mkamate. Maelezo ya uongo na kuharibu ushahidi kwanza. Mengine wakili wa serikali atayaona. Kamera usizime, ameongea vizuri."

*

Mzee Muhdhar alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mwembamba kuliko siku ya msiba, kanzu inamning'inia. Mkononi alikuwa ameshika boksi tupu la viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni viatu?" Hakumkaribisha hata kukaa. "Nilimwambia muuzaji namba ya mguu wake, akasema imekwisha, imebaki ya juu yake. Nikasema atavaa na soksi nzito. Niambie, afande. Ni viatu?"

"Vile vya zamani viko wapi, mzee? Alivyokuwa akivaa kabla ya hivi."

Mzee aliingia ndani. Herieth alisimama barazani akisikia milango ya kabati. Mzee aliporudi alikuwa na mfuko, na ndani yake viatu vya kijivu, vimechakaa visigino. Herieth alikitoa cha kushoto, akakisogeza kwenye mwanga.

Kwenye ncha palikuwa na alama nyeusi. Si moja. Nyingi, moja juu ya nyingine, zimepinda zote upande mmoja, mpaka ngozi ya kiatu imelika.

"Hivi aliacha lini kuvivaa?"

"Siku niliyompa vipya. Ijumaa. Ya pili yake ndiyo..."

"Tazama hapa. Hili ni tairi la mbele. Lilikuwa linamgusa kwa viatu hivi, kabla hujanunua vingine, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Vipya alivivaa asubuhi moja tu. Si viatu, mzee. Ungemnunulia namba yake hasa, bado kiatu kingegusa."

Mzee Muhdhar alipitisha kidole juu ya zile alama. Alikaa kwenye ngazi ya baraza. Herieth akaketi kando yake, akamweleza taratibu, kama ilivyokuwa: bajaji, Keko, moto, uma mweusi ukutani. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye kucha, mzee alifumba macho.

"Muhannad," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Duka lile nilimfungulia mimi. Wafa nilimkabidhi yeye. Nilikuwa sitaki aende barabarani, akaniambia ami, niko naye." Alikichukua kile kiatu cha kijivu, akakigeuza mkononi. "Usiku kucha nimejilaani. Nikafika mahali nikasema sawa, ni mimi, nitaubeba mpaka nife. Mtu anaweza kubeba kosa lake mwenyewe." Akamrudishia kiatu. "Heri ungeniachia."

Herieth alikitia kiatu kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika tarehe juu yake.

"Na yule dereva?" mzee aliuliza.

"Atatolewa. Wiki ijayo mahakamani."

"Kila baada ya swala nimemwapiza. Kwa jina lake na la watoto wake, kama anao."

"Anao."

Mzee akatikisa kichwa, akasimama, akaingia ndani bila kuaga.

*

Mwendesha mashtaka aliondoa shitaka asubuhi, kwa sentensi mbili. Hakimu aliandika, akainua uso, akasema mshtakiwa yuko huru, akaita kesi nyingine. Hakuna aliyemwomba radhi Anselmo, wala haikuwa kawaida. Alitoka nje amevaa shati lile lile alilokamatwa nalo, kola imechanika, akasimama kwenye jua anapepesa macho.

Herieth alikuwa anateremka ngazi kumfuata alipomwona Mzee Muhdhar anaingia getini. Alikuwa peke yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa dereva, akavua kofia.

"Mimi ni baba wa yule binti," alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuapiza, na hukuwa na kosa."

Uvimbe wa sikio la Anselmo ulikuwa umepungua, lakini alipogeuza kichwa ilionekana upande ule hasikii vizuri.

"Nimekusamehe, mzee," alisema. "Ulifiwa."

"Mungu akulipe." Mzee alitaka kuondoka, akashindwa. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Alikufa pale pale?"

"Hapana. Alikaa kidogo."

Herieth alisimama palepale kwenye ngazi. Hilo halikuwemo kwenye maelezo.

"Nilishuka, nikaja nikakaa chini," Anselmo alisema. "Nikamshika mkono. Akaniuliza kama baiskeli imevunjika. Nikamwambia haijavunjika. Akasema kaka yake atamgombeza. Nikamwambia hatakugombeza, mwanangu, mie nitaongea naye. Ndiyo watu wakafika, wakanivuta."

Mzee akajifunika uso kwa mkono.

"Mbona hukuyasema haya, Anselmo?" Herieth aliuliza.

"Niliulizwa mwendo, afande. Nikaulizwa leseni. Nikaulizwa habari za breki. Hilo hakuna aliyeniuliza." Akaivuta kola yake iliyochanika, akajaribu kuilaza, ikakataa. "Mzee, nimesema nimekusamehe, na nimekusamehe kweli. Lakini nikwambie na hili, usije ukasikia kwa watu. Siku ile wenzangu wa nyuma walinipigia honi nisisimame. Madereva wote tunajua: ukiona hivyo, kanyaga mafuta, ukaripoti kituo cha mbele. Mie nikasimama. Nimepoteza kazi, nimepoteza sikio, na nyumbani wamekula kwa majirani."

Hakupaza sauti. Aliyasema kama mtu anayeeleza njia.

"Nikipata lori lingine, sisimami."

Alimpa mzee mkono, akampa Herieth mkono, akatoka getini kwa miguu.